Bado Kidogo: Fundi Otmar na Ubao wa Mandolini

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Didia na mafundi mliotoka Shinyanga mjini, familia imemtuma Clemens, kaka wa mjane, awasomee maisha ya shemeji yake Otmar Mabula, na mjane mwenyewe, Paskazia, ameagiza yasomwe kama yalivyokuwa, pamoja na yale yaliyomchosha.

Marehemu alizaliwa Ushirombo tarehe 16 Novemba 1911, mtoto wa tatu wa Mzee Herman Mabula na Mama Mageni, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku hiyo. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1921 hadi 1925, kisha akaingia karakana ya useremala hapohapo, akahitimu mwaka 1930 baada ya kurudishwa mwaka mmoja, kwa kuwa kigoda alichopewa kama mtihani alikisawazisha miguu, huu leo, ule kesho, hadi mwalimu akauliza kama kimetengenezewa kuku.

Tarehe 3 Machi 1936 aliajiriwa fundi seremala kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, na tarehe 27 Aprili 1940 alifunga ndoa na Paskazia katika kanisa la Ushirombo, Mungu akawajalia Coletha, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1941, Donatus, tarehe 2 Februari 1944, na Serafina, tarehe 20 Agosti 1948.

Mandolini iliingia katika ndoa hii Juni 1946, siku Valerian, mchimbaji kutoka Tanga aliyepiga kwenye dansi za mgodini, alipoleta yake ikiwa imekaliwa na mtu mnene. Marehemu aliutoa ubao wa juu uliovunjika, akachonga mwingine kwa msonobari wa sanduku la mashine, na kwa kuwa Valerian alikuwa anaondoka likizo na lori, alilazimika kumaliza siku hiyohiyo, nayo ikalia vizuri mno. Paskazia alitaka na yeye aisikie mandolini ndani ya nyumba yake, marehemu akamwahidi kwamba yao italia siku ya komunio ya kwanza ya Coletha.

Ubao huo huchongwa kutoka kipande kinene, ukaachwa mnene katikati na kupunguzwa kuelekea kingoni, kwanza kwa patasi, kisha kwa randa ndogo, mwisho kwa kigae cha chupa, ukibaki mnene hauimbi, ukizidi kuwa mwembamba nyuzi zinaubonyeza, na katikati ya hayo mawili kuna mahali pa kusimama. Marehemu alipajua mahali hapo, na kila mara alipapita. Aliushika ubao pembeni, akaugonga kwa kidole karibu na sikio, akasema, "Bado kidogo," akachukua kigae.

Ubao wa kwanza ulipasuka mwaka 1948. Komunio ikafika tarehe 18 Juni 1950, wageni wakala, wakashukuru, wakaenda zao, mandolini haina uso. Agosti 1951 familia ilihamia hapa Didia, marehemu akapata kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga, ubao wa pili ukabonyea, na wa tatu aliuinua juani kuwaonyesha majirani jinsi unavyopitisha mwanga, kidole gumba kikapita pia. Paskazia alimuuliza, "Baba Coletha, niliolewa na mtu au na kigae cha chupa?" Akajibiwa anyamaze kidogo, ubao usikike. Aligonga milango, meza na vibuyu vya watu, na mwaka 1954, kwenye msiba wa mama mkwe wake, aligonga jeneza, akatikisa kichwa, na wajomba hawajasamehe hadi leo.

Ubao wa nne ulikuwa tayari Januari 1957, Ignas, fundi mwenzake, aliugonga akasema unaimba, marehemu akasema bado kidogo. Februari alianza kuugua kifua, akalazwa hospitali mara mbili, akarudishwa nyumbani Agosti. Siku hiyo Paskazia aliufukia ubao ndani ya kihenge, chini ya mtama. Marehemu aliulizia kila asubuhi, akasusa uji, akawatuma wageni waliokuja kumpa pole wamtafutie. Ignas alisema, "Mama Coletha, usimpe hata akilia."

Jumapili iliyopita aliapa kwamba ataugonga tu. Paskazia alipekua mto, akatoa kigae cha chupa, akapekua na shuka, akatoa cha pili, ndipo akauleta. Marehemu aliugonga katikati, akaugonga kingoni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Bado kidogo," alisema.

"Imetosha, Baba Coletha."

Hakubisha, aliomba uji, akaumaliza, na asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 1957, alifariki dunia.

Jana Ignas aliubandika ubao huo kwenye mwili wa mninga uliokuwa ukingoja tangu 1947, leo asubuhi akafunga nyuzi, amesema gundi ingehitaji siku moja zaidi, na Paskazia amekataa kungoja siku moja zaidi. Valerian amekuja kutoka Geita, ataipiga kaburini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kuleta kuni, na wafanyakazi wa kiwandani mliomvumilia mtu huyu, na inamwomba yeyote atakayesikia kwamba sauti ina upungufu, anyamaze.

Baba Coletha, imetosha. Pumzika kwa amani.