Kilicholala Kwenye Ndoo ya Unga

Kaeni, kaeni. Msinitazame hivyo kama mmekuja kunizika, mazishi yangu mtaletewa habari. Mwenyekiti wetu wa jumuiya amenivuta pale mlangoni, "Mama Mkubwa, eh, dakika kumi tu, eh, tuna mambo mengi." Mnacheka nini? Si ndivyo anavyoongea? Hilo "eh" lake hata usingizini analo, muulizeni mkewe.

Haya, chekeni sasa mmalize. Ninalolisema leo halichekeshi.

Ndugu zangu, mimi darasa silijui. Hata rimoti ya tivii naitambua kwa rangi za vidude vyake. Lakini sauti ya mtu nikiisikia mara moja nimeshaibeba. Kwetu Korogwe nilikuwa naitwa misibani nimuige marehemu, alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anadai chai, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Ndiyo kazi ya mtani. Hakuna aliyewahi kunikasirikia.

Basi nilipoletwa huku Marekani, hapa Coon Rapids, kukaa na binti yangu, nikamkuta mjukuu wangu wa kiume ana miaka kumi na mitatu. Nikafanya anavyofanya bibi yeyote. Nikamwita mume wangu. "Mume wangu, umerudi? Kanga yangu iko wapi? Mume gani wewe, mikono mitupu kila siku!" Anaona haya, anakimbilia chini basimenti kwenye chumba chake.

Mtoto huyu ana kigugumizi. Neno linamkwama, mishipa ya shingo inamsimama, macho yanamfumba. Na mimi, mzee mzima, nikaona hapo pana mchezo. Wageni wakija Jumapili baada ya ibada, naigiza mjukuu wangu anavyoomba chumvi mezani. Mlikuwepo wengine humu. Mlicheka mpaka chai ikawamwagikia. Msiniombe niifanye leo.

Mwanzoni alikuwa anatabasamu. Halafu akaacha kupanda juu wageni wakiwepo. Halafu akaacha kula na sisi. Nikimuuliza vipi, ananijibu kwa Kiingereza chao kwamba yuko salama, basi. Nikasema huo ni ubwana mkubwa, unamwanza.

Binti yangu naye alikuwa amenipa sheria. Mnaijua sauti yake, ya unesi, kama anamwambia mgonjwa ameze dawa: "Mama. Huku mtoto ana uhuru wake. Mlangoni unapiga hodi. Begi lake huligusi." Nikamjibu, "Toka lini mke akapiga hodi kwa mumewe?" Hakucheka. Alikuwa anakwenda shifti ya pili.

Ile masika theluji ilipoanza kuyeyuka, tivii ikaonyesha watoto wa shule huko jimbo la mbali wanatoka mlangoni mbio, mikono kichwani. Waliouawa wamebaki ndani. Waliowaua walikuwa wenzao. Mnakumbuka. Kila mtu humu alikwenda kumkumbatia mwanawe. Mjukuu wangu aliitazama ile tivii amesimama, hakukaa. Kisha akashuka chini.

Wiki ile ile, siku ya kufua, nilishuka kuchukua nguo zake za mazoezi. Sikupiga hodi, hayupo, nimpigie nani? Nikaingiza mkono kwenye begi. Nikashika soksi nzito. Nikadhani ni betri. Ndugu zangu, nilipoikunjua, ilikuwa bastola.

Nilikaa chini kwenye sakafu ile ya baridi. Sijui kusoma, lakini kile sikuhitaji kukisoma.

Sasa nawaambieni nilichofanya, na mnihukumu. Sikumpigia mama yake. Sikumwambia mtu. Niliifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, nikapanda nayo jikoni, nikaizamisha kwenye ndoo ya unga wa sembe. Nikasawazisha unga juu kwa kiganja. Nilisema, aibu ya nyumba isitoke nje. Sisi ni wageni hapa, karatasi zetu ziko ofisini kwao zinasubiri muhuri. Polisi wakisikia, tumekwisha.

Jioni akarudi. Nikamsikia chini anafungua droo, anafunga droo, anainua godoro. Akapanda jikoni. Akanitazama. Nikamtazama. Yeye hawezi kuniuliza, mimi siwezi kumwambia. Nikachota unga kwenye ndoo ile ile, mkono wangu unapita juu ya ule mfuko, nikasonga ugali. Siku tatu tulikula ugali uliolala na bastola. Na mama yake anausifia: "Mama, leo umeiva vizuri."

Sikulala siku zile. Maana nilijua, mwenye kuipata ya kwanza anaweza kuipata ya pili.

Siku ya nne shule ikaita wazazi wote. Binti yangu yuko kazini. Jirani yetu, huyu nesi wa Kenya, bibi kwao ni shosho, akaja mlangoni: "Shosho, vaa koti. Mi nita-drive, wewe uta-relax tu, nita-translate kila kitu." Nikaenda. Nilikuwa nataka nione kama kuna mtu anajua dawa.

Ukumbi umejaa. Mbele amekaa mwalimu mkuu, anaongelea puani: "Oo yaaa, tumewasikia, yaaa, tutaunda kamati." Akasimama baba mmoja wa kofia, sauti kama trekta baridi inapokataa kuwaka: "Bunduki yangu aliniachia babu yangu! Nawinda kulungu kila mwaka, sijaua mtu! Hii ni nchi huru! Mbona mnaniadhibu mimi kwa kosa la mtoto nisiyemjua?" Wengine wakapiga makofi. Akasimama mama mwembamba, analia: "Uhuru wako na jeneza la mwanangu, kipi kizito? Wekeni mashine kila mlango, kama uwanja wa ndege! Pekueni kila begi!" Wengine wakapiga makofi. Akasimama mwalimu wa hesabu, anaongea taratibu kama anatembea kwenye barafu: "Mimi si askari. Mkimpekua mtoto kila asubuhi kama mwizi, atajifunza nini kwangu saa mbili?" Makofi tena. Mwingine akasema ni michezo ya kompyuta. Mwingine akasema ni Mungu tumemfukuza.

Na jirani yangu ananinong'oneza yote sikioni. Lililonitesa ni kwamba kila aliyesimama nilimwona ana ukweli wake. Wanabishana bastola zitakomeshwa vipi, na mimi nimekaa katikati yao na moja iko kwenye unga wangu. Nilikuwa najinusa mikono.

Mwisho akasimama msichana, mwanafunzi. Kasauti kadogo, hata maiki haikukataka. Akasema: "Mnaongea milango tu. Darasani kwetu kuna mvulana, akiambiwa asome kwa sauti, nusu ya darasa wanamuiga mpaka anakaa. Kila siku. Mwaka mzima. Na mimi nilicheka. Hakuna mashine inayoona hilo." Akakaa.

Jirani yangu alinitafsiria, "Shosho, anasema kuna boy wanamwiga vile anaongea."

Ndugu zangu, nilimjua ni nani. Na nilijua mwaka mzima wanamuiga shuleni, anapanda basi, anarudi nyumbani apumzike, na nyumbani niko mimi.

Nikamwambia jirani, "Nirudishe." Akasema haijaisha. Nikasema, "Kwangu imeisha."

Nilishuka zile ngazi za basimenti. Nikasimama nje ya mlango wake, nikapiga hodi. Mara ya kwanza. Hakufungua. Nikapiga tena, nikangoja. Nimezaa watoto sita, sijawahi kungoja kitu kirefu namna ile. Akafungua.

Nilimwambia, "Kitu chako kiko kwenye unga." Akakaa kitandani. Nikamuuliza kilikuwa cha kumpiga nani. Alinitajia wavulana watatu. Nikauliza, basi hao tu? Akasema na risasi ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu kulisema, na safari hii nilinyamaza mpaka akamaliza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, bibi yake. Akasema: hata wewe, Bibi.

Hayo tu. Hata wewe, Bibi.

Mimi nilikuwa nadhani namtania. Lakini mtani anajibu! Ukinikejeli nakukejeli, tunakwenda sare. Huyu mtoto nani alimfundisha kunijibu? Alikulia huku, hajawahi kuona bibi anatukanwa na mjukuu watu wakafurahi. Alichosikia ni kile kile cha darasani, tena kwa lugha ya nyumbani.

Nikampigia mama yake kazini. Alifika na sare yake, viatu vyeupe vina tope la theluji. Alipoiona mezani, na unga umeigandia, alifunga mdomo kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Tuitupe mtoni. Sasa hivi, Mama. Barafu imeshaachia. Hakuna atakayejua." Nikamwambia, "Mto utachukua bastola. Mtoto tutamtupa wapi?" Akanipigia kelele, "Watamchukua! Watanichukulia mwanangu!" Nikasema, "Ndiyo. Watamchukua akiwa mzima."

Aliyepiga simu ni mimi. Kwa mdomo wa jirani, lakini ni mimi.

Walikuja polisi wawili. Wakasema ilikuwa na risasi, zote. Walimfunga pingu jikoni kwangu, mtoto wa miaka kumi na minne, na mikono yake ilivyo myembamba mmoja alibana mara mbili. Mjukuu wangu hakunitazama.

Bastola ile mwenzake wa shule alikuwa ameichukua kabatini kwa baba yake, wakabadilishana kwa mchezo wa kompyuta. Polisi walipokwenda kwa yule baba, alifungua kabati mbele yao, akaona nafasi tupu. Miezi miwili alikuwa hajui. Basi yeye hajui la kabati lake na mimi sijui la basimenti yangu. Nani amcheke mwenzake?

Jaji alimpa miezi tisa kwenye nyumba ya vijana. Si jela, walituambia, ila mlango unafungwa kwa nje. Binti yangu hakunisemesha wiki saba. Ananipitia jikoni kama friji. Na nyinyi, ndiyo, nyinyi, mlisema, "Yule bibi kamuuza mjukuu kwa Wazungu." Nawaona mlipokaa. Maandazi yangu mnakula vizuri tu.

Nilikwenda kumtazama kila Jumamosi. Jirani ananiendesha. Mara sita alikaa upande wa pili wa meza hakusema neno. Namwambia habari za nyumbani, nashika mkoba wangu, naondoka. Mara ya saba nikaingia, hata sijakaa, akanikazia macho, akabinua mdomo, akajishika kiuno: "Mume gani wewe! Mikono mitupu kila siku!" Ilikuwa sauti yangu. Na kale kakohozi kangu ka mwisho, na meno yasiyokuwepo. Halikukwama hata neno moja.

Nilicheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Kisha nililia. Na yeye alikuwa anangoja kuona kama nitakasirika.

Ametoka mwezi uliopita. Siwadanganyi, hajapona. Shule ile hawamtaki tena, usiku anaacha taa inawaka, na mama yake akienda kazini anapiga simu kila saa. Karatasi zetu bado. Binti yangu ananisemesha, lakini kuna neno kati yetu halijasemwa.

Namshukuru jirani yangu, yule pale, usijifiche nyuma ya termosi. Namshukuru yule mama mzungu anayemfundisha kupumua kabla ya neno. Namshukuru yule msichana aliyekiri mbele ya ukumbi mzima kwamba alicheka. Mkubwa hata mmoja hakuthubutu hivyo, mimi mmojawapo.

Mnaniuliza, Mama Mkubwa, sasa mashine ziwekwe milangoni? Bunduki zichukuliwe? Wenye nchi bado wanabishana, na wabishane, maana wasipobishana ni kwamba wamesahau. Mimi ningeomba kabati zifungwe, hilo hata yule wa kofia hatakataa. Lakini langu ni dogo. Ukikuta kitu kwenye begi, usikifukie kwenye unga. Mficha uchi hazai. Na ukimtania mtoto, ngoja ajibu. Asipojibu, huo si utani tena, nyamaza, ukapige hodi.

Asubuhi hii nilipokuwa navaa nilimwomba ruhusa. Alifikiri sana. Akasema niwaambie yote, hata la polisi, hata la majina matatu, ila kitu kimoja nisikifanye.

Ndiyo maana leo mmesikia sauti ya mwenyekiti, ya mwalimu mkuu, ya wa kofia, ya binti yangu. Zote nimewapa. Ya kwake sikuitoa. Anayo mwenyewe, na akipenda, siku moja atakuja kusimama hapa, na nyinyi mtangoja mpaka amalize.