Sauti Iliyobaki Kalongo

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Tukuyu mjini, Kyimo, Kiwira, kwenye chai na kwenye migomba, wekeni chini kidogo mlichoshika. Leo tunamkumbuka Mwalimu Ambindwile Mwakyoma. Amefariki Alhamisi iliyopita akiwa na miaka hamsini na tisa. Ni nimonia iliyomuua. Amezikwa Jumamosi nyumbani kwake Kyimo, manyunyu yakidondoka.

Wengi wenu hamkumjua kwa sura, mlimjua kwa sauti. Ndiye yule wa podikasti ya sayansi, *Uliza Tena*, ile inayoanza na kikohozi, kisha asante yetu ya Kinyakyusa, "Ndaga, jamani, tuulize tena." Alifundisha fizikia na kemia sekondari kwa miaka thelathini na moja. Goti lilipoanza kumsumbua akastaafu kwa hiari. Wenzake waliostaafu walinunua ng'ombe. Yeye akanunua simu yenye kinasa sauti kizuri.

Mvua ya Tukuyu mnaijua, haina adabu, ikishika bati hakuna anayesikika. Basi mwalimu alikuwa anajifunika mablanketi mawili kitandani, simu puani, anafundisha. Mkewe, Mama Agness, anasema: "Ukiingia chumbani unakuta blanketi linaeleza habari za sumaku. Nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini."

Alieleza kwa nini ndizi ukizifukia shimoni zinaiva haraka. Alieleza kwa nini maharage ya huku juu yanakula kuni kuliko ya Kyela. Watu walipenda. Wenye intaneti walipakua. Wasio nayo walikwenda Kiwira, kwenye vibanda vya kurusha nyimbo, wakarushiwa kwenye kadi za simu. Kipindi kimoja cha mwalimu kilikuwa kinavuka milima yote hii kwa siku nne.

Shikeni hilo, wasikilizaji. Kikishatoka, hakikuwa chake tena.

Sasa tufike Kalongo. Kalongo ni kibonde kidogo, kimezungukwa na kuta za majani pande zote, kama bakuli. Kina mwiko. Kabla jua halijapanda, mtu hateremki Kalongo. Ng'ombe hapelekwi. Mle ndani hakuinamwi. Ukiuliza sababu unaambiwa wenyewe wamelala, usiwaamshe. Basi. Watu wa pale wameishi hivyo tangu mababu, na majani ya Kalongo yanajiotea marefu bila mkataji.

Mwalimu hakupenda jibu lisilo na sababu. Oktoba ya mwaka juzi, akamchukua mdogo wake, Yona, wakashuka Kalongo na simu. Walishuka saa saba mchana. Jua kali, upepo unapiga. Kwa nini saa saba? Kwa sababu ya goti. Goti la mwalimu lilikuwa halitaki baridi ya asubuhi.

Yona anakumbuka vizuri: "Nilimwambia, kaka, wazee wanasema alfajiri, sisi tumekuja mchana. Akanicheka. Akasema, kitu kikiwepo, kipo muda wote."

Mwalimu akakaa mle nusu saa. Akawasha kiberiti, akawasha mshumaa, ukawaka vizuri. Na akarekodi maneno mnayoyajua: "Mnanisikia? Napumua. Mshumaa unawaka. Hapa hakuna kitu, jamani, ni woga tu tulioachiwa." Kisha akacheka kile kicheko chake. Kilikuwa kipindi kitamu kuliko vyote alivyowahi kufanya. Hapo tusimfichie marehemu: alipima mara moja tu, tena mchana tu, akatangaza. Angekuwa mwanafunzi wake amefanya hivyo, angempa sifuri.

Jirani yake mmoja aliitwa Loyce, mke wa Jairo. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa zizini, na alikuwa msikilizaji wa kwanza kabisa wa mwalimu. Maswali mengi ya podikasti yalikuwa yake. Juni mwaka jana, majani yalikuwa ya shida. Loyce akakumbuka kile kipindi cha Kalongo. Akateremka alfajiri na mundu na gunia, akainama kukata.

Hakupanda tena. Walimtoa saa tatu, jua limepanda na upepo umeanza. Gunia lilikuwa limefika nusu. Hakuwa na jeraha lolote.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mwalimu alikwenda Kalongo alfajiri na lile goti lake. Safari hii hakushuka. Alifunga mshumaa kwenye mwanzi mrefu, akauteremsha taratibu kutoka juu. Ulipofika usawa wa goti la mtu, ukazimika. Akauvuta, akauwasha, akauteremsha. Ukazimika. Yona anasema alirudia mara sita, kisha akakaa kwenye umande.

Ilikuwa hewa ya ukaa, wasikilizaji. Inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo usiku usio na upepo inatuama chini kama maji bwawani. Haina rangi. Anayeinama ndani yake haoni kitu, anaishiwa nguvu tu. Jua likipanda na upepo ukija, inatawanyika. Saa saba mchana huikuti. Mwiko ulikuwa umesema yote hayo: saa, ng'ombe, kuinama. Ulikosa sababu tu, na mwalimu akautupa kwa kukosa sababu.

Siku hiyo hiyo alikifuta kipindi mtandaoni. Akajifunika mablanketi yake, akarekodi kingine cha kujisahihisha. Tumekisikiliza hapa studio. Ni dakika arobaini za mtu anayeeleza uzito wa hewa, anaomba radhi, anaeleza tena. Kile cha kwanza kilikuwa kitamu, hiki kilikuwa cha kweli tu. Hakikurushwa kwa mtu. Hakikuvuka hata daraja la Kiwira.

Akaanza kukitafuta kile cha kwanza kwa miguu. Alikwenda vibanda vyote vya Kiwira. Alikwenda Kisiba, Tukuyu sokoni, makanisani baada ya ibada. "Naomba mkifute," anasema. Nasi watu wa Rungwe mnatujua. Nani atamwambia mwalimu hapana? "Shikamoo mwalimu. Tumefuta, mwalimu." Wengine aliwafundisha, wengine aliwafundishia watoto. Walimpa kiti, wakampa chai. Alipotoka wakakisikiliza tena. Siku moja Kiwira, kikombe kikiwa mkononi, alijisikia mwenyewe akicheka kutoka kwenye kibanda alichotoka nusu saa nyuma.

Alikwenda pia kwa Jairo kuomba msamaha. Jairo ametuambia alichomjibu, na ameturuhusu tukiseme: "Nilimwambia nimekusamehe, mwalimu. Lakini kwenye simu ya mke wangu usiniambie nifute. Alikuwa anaisikiliza sauti yako anapika, anafua. Nikiifuta nabaki na nini?" Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Huyo naye hakuweza kumlazimisha, na huyo ndiye alikuwa na haki ya kubaki nacho kuliko wote.

Akajenga uzio wa mianzi. Ukageuzwa kuni. Akaweka kibao, kikaondoka na upepo wa Agosti, au na mtu. Basi akabaki na kitu kimoja. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, alikwenda kukaa juu ya njia ya Kalongo mpaka jua lipande. Kila siku kwa miezi kumi na mitatu, mvua na baridi, amejitanda blanketi lake moja la kurekodia. Watu tisa aliwarudisha kwa mkono wake. Mmoja wao, Hosea, mkata majani, anasimulia kwa aibu: "Nilitoa simu nikamchezea kile kipindi. Nikamwambia, mwalimu, si wewe huyu? Wewe mwenyewe si unasema hakuna kitu? Akaniambia, huyo muongo, mwanangu, mimi ndiye unisikilize. Lakini wa kwenye simu alikuwa anaongea vizuri zaidi."

Mwezi huu kifua kikambana. Mama Agness alimsihi abaki kitandani. "Alinijibu, nikilala leo nani atakaa? Nikamwambia nitakaa mimi. Akasema una presha, baridi itakuua. Akaenda. Siku ya tano hakuweza kuinuka, tukampeleka hospitali. Alikuwa ananiuliza saa. Kila akizinduka ananiuliza saa."

Alhamisi akafariki.

Jumamosi watu walijaa mpaka barabarani. Baada ya wasifu, vijana wa spika wakataka kumuenzi mwalimu wao. Walitaka sauti yake isikike, na wakachagua kipindi ambacho kila mtu alikuwa nacho kwenye simu. Jeneza liko mbele, wasikilizaji, na spika zinasema: "Mnanisikia? Napumua." Watu wakalia, wengine wakapiga makofi. Mama Agness akainuka akapiga kelele, "Zimeni! Zimeni hicho!" Wanawake wakamshika, wakampepea, wakasema uchungu umemzidi. Kikaendelea mpaka mwisho, na kicheko chake. Yona anasema kabla kaburi halijafukiwa watu wanne walikuwa wameomba warushiwe.

Kwako Mama Agness, kwa Yona na ukoo wote wa Mwakyoma, poleni sana. Kwako Jairo na binti zako, poleni tena. Mungu awape nguvu, maana sisi hatuna ya kuwapa.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tangu Jumamosi mmetuma ujumbe mwingi hapa studio mkiomba tukicheze kipindi cha Kalongo kwa kumbukumbu yake. Hatutakicheza. Kila mmoja afikiri anachokirusha na anachokiamini kwa sababu kimesemwa vizuri. Tunawaomba mkifute. Tunajua mtatuitikia kwa heshima, kama mlivyomwitikia yeye.

Leo asubuhi tulimpigia Mama Agness kumjulia hali. Tukamuuliza nani sasa anakaa juu ya ile njia. Akatuambia hakuna.