Karakana Iliyonyamaza

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama una mgeni, mwambie asogee. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuimba, hakupiga ala yoyote, na hata kupiga mluzi kulimshinda. Alikuwa fundi wa makochi. Lakini waulize waliomfahamu, na kitu cha kwanza watakachokutajia ni muziki.

Tumemzika juzi. Fundi wa makochi, tuliyemwita Mzee Sasa Hivi.

Jina hilo lilitokana na swali lake. Ukiingia karakanani na kochi lako lililobonyea, hakuanza na bei. Hakuanza hata na kochi. Alikusalimia vizuri, akakuvutia kigoda, kisha akauliza: "Unasikiliza nini sasa hivi?"

Si unapenda nini. Unasikiliza nini sasa hivi. Siku moja nilimuuliza tofauti iko wapi, maana kudadisi ndiyo kazi inayonilisha. Akatoa misumari mdomoni kwanza. "Ukimuuliza mtu anapenda nini," akasema, "atajipamba. Atakutajia nyimbo za heshima. Muulize anasikiliza nini sasa hivi, hapo utajua ameamkaje."

Na watu walimjibu! Mwanasheria mmoja aliyeleta kiti cha ofisi aliangalia mlangoni kwanza, ndipo akakiri kwamba wiki nzima yuko kwenye nyimbo za mapenzi za vijana wadogo. Muuguzi alisema rumba. Dereva wa lori alisema kwaya. Bibi mmoja mwenye mkongojo alisema hip hop, kwa sababu mjukuu alimwachia simu naye akanogewa. Kama ulikuwa na waya masikioni, Mzee alinyoosha mkono. "Nipe upande mmoja." Basi mnaegemea meza yake ya kazi, yeye sikio moja, wewe sikio moja, kochi linangoja.

Karakana ilikuwa na sheria moja. Ukicheka wimbo wa mwenzako, unausikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ilinikuta," ameniambia seremala, aliyemtengenezea Mzee fremu za makochi kwa miaka mingi. "Mteja alileta wimbo, mama analia kama amebanwa kidole na mlango, nyuma yake fidla chungu nzima. Nikaangua kicheko. Nikakalishwa. Na wimbo wenyewe hauishi! Kufika katikati nimenyamaza. Kufika mwisho natafuta leso. Lugha yenyewe siijui, ndugu yangu."

Leo anao kwenye simu yake. Nimeuona kwa macho yangu, wala hakuona haya.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Mzee alikuwa na mtoto mmoja. Binti, mwalimu wa chekechea, anakaa mji mwingine na mumewe. Kila jioni baba na binti walipigiana simu, na swali lilikuwa lilelile. "Leo rege, baba. Wewe je?" "Mimi nimeazima wa muuguzi." Hapo ndipo habari nyingine zilipofuata.

Kisha mume wa binti akafariki. Ghafla tu. Mzee alisafiri, akamzika mkwewe, akakaa na mwanawe siku kadhaa, akarudi. Jioni akapiga simu na kuuliza swali lake.

"Sisikilizi kitu, baba," binti akajibu.

Kesho yake akauliza tena. Sisikilizi kitu. Mke wa Mzee alikuwa ameketi pembeni. "Simu ilishakatika, yeye bado ameishikilia sikioni," ameniambia. "Asubuhi akaenda kazini, akachomoa redio ya karakana."

Karakana ikanyamaza. Ikabaki nyundo na cherehani. Wateja walikalishwa kwenye kigoda, wakangoja swali, swali halikuja. Mafundi wenzake wakaingiwa na wasiwasi. Mtu amegonga misumari maisha yake yote, bila shaka masikio yamekwenda! Basi wakaanza kumpigia kelele. "MZEE! SPONJI IMEFIKA!" Yeye alijibu taratibu, "Ahsanteni." Mwishowe seremala akamshika mkono, akampeleka kwa daktari wa masikio.

Daktari akampima, akasema masikio ni mazima kabisa. Akashauri seremala apimwe yeye, maana anaongea kwa sauti kubwa mno.

Walipotoka nje seremala alikuwa amefura. "Sasa Mzee, kama unasikia, mbona husikilizi?"

Mzee akamjibu: "Mwanangu ana njaa. Mimi nikae nishibe?"

Nilipoambiwa maneno hayo nilizima kinasa sauti changu kidogo. Yalinigusa, sifichi.

Lakini kuna kitu kilinisumbua. Mbona hakumtumia binti wimbo wa kumfariji? Nyimbo alizokuwa nazo hazihesabiki. Mkewe alimwambia hivyohivyo. "Nikamwambia, mtumie hata kwaya moja. Akasema, 'Mama watoto, hajaomba. Mimi nitamuuliza tu. Siku akiwa na jibu, atanipa.'"

Akaendelea kuuliza kila jioni. Jibu likawa lilelile. Nimemuuliza binti kama hakukereka. "Nilikereka sana," amesema. "Kuna siku sikupokea simu. Lakini nilijua yupo mtu mmoja anayeamini kwamba iko siku nitakuwa na jibu."

Siku ikafika, mchana wa kazi. Simu ya Mzee ikalia mezani. Binti alikuwa ametuma sauti iliyorekodiwa darasani. Watoto wa chekechea, waliochoka kungoja mwalimu wao aimbe, walikuwa wametunga wimbo wa kwao. Mswaki umepotea, mswaki umepotea, kumbe uko mdomoni! Chini ya makelele yao ilisikika sauti ya mtu mzima, ndogo, ikifuata kwa kujikongoja. Chini ya rekodi hiyo binti aliandika: "Baba, sasa hivi nasikiliza huu."

Mzee akachomeka redio, akaunganisha simu, akafungulia mpaka mwisho. Seremala akacheka. Unajua sheria.

"Tulishinda nao!" seremala anasema. "Mswaki, mswaki, mpaka wateja wakaondoka wanauimba. Mzee alikuwa analia. Mteja mmoja akaingia, Mzee akajifuta machozi kwa kitambaa cha kochi, akamuuliza anasikiliza nini sasa hivi."

Wasikilizaji wapendwa, moyo wa Mzee Sasa Hivi ulisimama wiki iliyopita. Msibani nilitafuta kitu kimoja tu, wimbo alioupenda yeye mwenyewe, niwapigie leo. Mkewe alicheka katikati ya machozi. "Nimeishi naye ujana mpaka uzee, sijui. Kila siku alikuwa na wa mtu mwingine." Seremala naye hajui.

Nikamfuata binti. Alikuwa karakanani, amekaa kwenye kochi ambalo baba yake hakulimaliza. Nilikwenda kumuuliza baba alipenda nini. Mdomo ukauliza swali la Mzee.

"Sisikilizi kitu," akasema. Kisha akasema, "Lakini kesho niulize tena."

Kwa mama, kwa binti, na kwa mafundi wote wa karakana ile, poleni sana. Msiba huu ni wetu pamoja. Nawe unayenisikiliza, yuko mtu ambaye hujamuuliza siku nyingi. Muulize. Akikosa jibu, usimtafutie.

Kipindi hiki hufungwa kwa wimbo. Leo hakuna. Fundi mitambo ananikodolea macho nyuma ya kioo, lakini nimeshaamua. Dakika hii iliyobaki utasikia kimya. Usiigonge redio yako, wala usiguse waya. Ni nzima. Tunamngoja binti wa Mzee.