Mama Jelagat na Swali la Kila Asubuhi: Maisha ya Celestine Jepchirchir Kigen, 1964–2025

Wazee wetu, wachungaji, ndugu na marafiki mliofika kutoka Arlington, Mansfield na Houston, pamoja nanyi mnaotufuata kwa simu kutoka nyumbani Kenya, familia imenituma mimi Sadock, mdogo wake Shem Kigen, mume wa Celestine, niwasomee maisha ya mpendwa wetu, nami nitayasoma jinsi yalivyokuwa, kwa kuwa mwenyewe hakupenda mtu apambwe wakati hawezi tena kujitetea.

Celestine Jepchirchir alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika kijiji kilicho juu kidogo ya Tambach, Keiyo, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Elphas, aliyekuwa mwinjilisti wa kanisa la pale kijijini, na mama Kobilo, na waliomfahamu utotoni wanasema alikuwa mtoto wa kuuliza tangu siku alipojua kusema. Mwaka 1972, akiwa na miaka minane, mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa akisimulia habari za gharika, Celestine akanyanyua mkono na kutaka kujua ni nani aliyekuwa akizoa kinyesi cha wanyama wote wale siku zote zile, ikiwa mwenye safina alikuwa mzee wa miaka mia sita, watoto wakacheka, mwalimu akamtoa nje na kwenda kumshtaki kwa baba yake. Mzee Elphas alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, kisha akamwita binti yake na kumwambia, "Mwalimu ana haki ya kukutoa nje, na wewe una haki ya kuuliza. Jumapili ijayo utaomba radhi, halafu utauliza tena kwa sauti ya chini." Alifanya hivyo hivyo, na mwalimu alikiri kwamba hajui.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia 1971 hadi 1977, akajiunga na shule ya sekondari ya wasichana ya bweni karibu na Eldoret kuanzia 1978 hadi 1981, kisha akasomea uuguzi mjini Eldoret kuanzia 1983 hadi 1986, na mwezi Septemba mwaka huo akaajiriwa katika hospitali ya Kabarnet, wadi ya wazazi. Ni katika hospitali hiyo alikokutana na mwalimu wa jiografia, Shem Kigen, aliyeletwa siku moja akiwa ameanguka na baiskeli na kuvunjika mkono, wauguzi wa upande ule walikuwa pungufu, Celestine akaombwa asaidie, na Shem husema mpaka leo kwamba aliulizwa maswali mengi sana kabla ya kufungwa plasta, mengine hayakuhusu mkono hata kidogo, na kwamba alirudi juma lililofuata ingawa hakuwa ameambiwa arudi. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wawili, Jelagat aliyezaliwa 1989 na Kimaiyo aliyezaliwa 1992, na Mungu akawaongezea wajukuu watatu.

Tarehe 9 Agosti 2002 familia ilihamia Marekani na kuweka makao Arlington, Texas, ambako Shem alianza kuendesha mabasi ya uwanja wa ndege, na Celestine, ambaye vyeti vyake vya Kenya havikutambuliwa mara moja, alianza upya kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Mansfield, akafanya mitihani yake huku akifanya kazi, akapata leseni ya uuguzi mwaka 2006, na akaendelea kufanya kazi katika nyumba hiyo hiyo mpaka ugonjwa ulipomsimamisha.

Tafakari ambazo wengi wenu mnamjua kwazo zilianzia humo. Mwezi Januari 2011 kulikuwa na bibi mmoja mgonjwa, macho yake yamekwisha, aliyemwomba Celestine amsomee mstari mmoja wa Maandiko kila asubuhi kabla ya dawa, na kila akimaliza kusoma bibi yule alimwuliza, "Sasa hilo linanitaka nifanye nini, nikiwa nimelala hapa?" Celestine alikaa na swali hilo kutwa nzima, akafika nyumbani akamwambia mumewe, "Baba Jelagat, mimi nimesoma Neno maisha yangu yote na sijawahi kuulizwa hivyo." Kesho yake, akiwa bado ndani ya gari katika maegesho ya kazini, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, aliandika aya mbili kwa Kiswahili juu ya mstari wa siku ile, akawatumia kina mama watano wa kanisani, na mwishoni akaweka swali moja bila jibu. Hao watano wakawatumia wengine, na kufikia mwaka 2019 watu zaidi ya mia tatu, kutoka hapa mpaka Houston, Eldoret na Goma, walikuwa wakiamka na ujumbe wa Celestine, juu ya imani, juu ya kumngoja Mungu, na zaidi ya yote juu ya utii, neno alilolipenda kuliko maneno mengine.

Familia imekubaliana kwamba yaliyotokea mwaka huo yasomwe hapa, kwa sababu yeye mwenyewe aliyaandika akayatuma kwa wote. Jumanne tarehe 9 Aprili 2019 aliandika juu ya yule mfalme aliyeambiwa kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, akasema kwamba kila anayetii hupata amani, na akauliza, "Ni jambo gani Mungu amekuambia ulifanye, nawe bado unalizungukazunguka?" Baada ya saa moja alipata jibu kutoka kwa mwanamke wa Gulfton, Houston, ambaye walikuwa hawajawahi kuonana naye, jina lake Fortunée, mzaliwa wa Kongo, mke wa Polycarpe, dereva wa malori ya masafa marefu. Fortunée aliandika, "Mama Celestine, miye nilitii. Ulituma neno ya kuheshimu wazazi, na miye nikamuchukua mama mukwe wangu, ule alinifukuza kwake na mutoto mugongoni. Sasa hawezi kutembea, niko namuosha, niko namulisha, mwaka na nusu. Amani sijaiona. Naomba uniambie, weye ulitii nini yenye ilikuumiza?"

Celestine alisoma ujumbe ule akiwa garini, akausoma tena wakati wa chakula cha mchana, na jioni hakula. Shem alidhani amekasirika, akamwambia aachane na maneno ya watu wa kwenye simu, lakini Celestine akamjibu, "Sijakasirika. Natafuta jibu, na silipati." Kwa mara ya kwanza katika miaka minane asubuhi ilifika bila tafakari, ikafika ya pili, ikafika ya tatu, watu wakaanza kupiga simu kuuliza kama anaumwa, na kwa siku tisa alikuwa akienda kazini na kurudi nyumbani akichambua maisha yake yote, toka Tambach mpaka Arlington, na alichokiona, kama alivyoandika baadaye, ni kwamba mambo yote aliyoyaita utii yalikuwa mambo aliyopenda kuyafanya, kuuguza, kuolewa na Shem, hata kuandika, na kwamba alikuwa amempa mwanamke wa watu mzigo ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuupima uzito wake.

Ijumaa Kuu, tarehe 19 Aprili, aliwaomba radhi wanakwaya wenzake, akapakia katika gari mashuka, glavu, mafuta ya kuzuia vidonda na mto wa kugeuzia mgonjwa, akashika barabara ya 287 mpaka Ennis, kisha 45 kwenda kusini, na saa nane mchana akapanda ngazi za jengo la apatimenti pale Gulfton, ghorofa ya pili, akabisha hodi. Fortunée anasema alifungua mlango akiwa na beseni mkononi, akamwona mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyemwambia, "Mimi ni Celestine wa zile tafakari. Sina jibu la swali lako. Nimekuja kukusaidia kumgeuza mama." Fortunée hakumkaribisha kwa furaha, alimpisha tu apite, kwa kuwa alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza kukataa.

Chumbani Celestine alimkuta mama yule akiwa na kidonda mgongoni ambacho Fortunée alikuwa akikisafisha kwa kadiri ya uwezo wake bila mtu wa kumwelekeza, akakiosha, akakifunga, akamwonyesha Fortunée namna ya kumgeuza mtu mzito bila kuumiza kiuno, kila baada ya saa mbili, upande kwa upande, kisha akamwambia akalale. Fortunée alilala kuanzia saa kumi jioni mpaka alfajiri ya Jumamosi, na alipoamka alimkuta mgeni wake ameketi kando ya kitanda akizungumza na mama mkwe, ambaye alikuwa akilalamika kwamba uji ni wa baridi. Fortunée aliuliza, "Amesema neno gani juu yangu?" Celestine akamjibu kwa ukweli, "Amesema unapika vibaya." Anasema walitazamana, kisha wote wawili wakashikwa na kicheko mpaka ikabidi watoke nje.

Kuanzia hapo Celestine alikwenda Houston mwisho wa juma mmoja katika kila mwezi, isipokuwa miezi ile ya korona ambayo alizuiwa na kazi yake na akawa akielekeza kwa simu, na kila alipofika alimwuliza Fortunée bila kumwonea haya, "Leo je? Amani imefika?" Mara nyingi Fortunée alisema bado, mara moja alisema imepita dirishani haikukaa, na Celestine aliyaandika majibu hayo katika daftari, maana alitaka kweli kujua. Mama mkwe yule alifariki tarehe 17 Januari 2021, hakuomba msamaha, hakusema asante, na siku ya mwisho alishika kidole cha Fortunée mpaka usingizi ulipomchukua, na Fortunée anasema hadi leo hajui kama alijua ni kidole cha nani.

Majuma mawili baadaye Celestine aliwaandikia wasomaji wake wote maneno ambayo familia imeyatunza, akasema, "Niliwahi kuwaambia kwamba anayetii hupata amani. Niliandika kama mtu anayejua, na sikuwa najua. Nilichokiona Gulfton ni kwamba anayetii hupata kazi ya kesho, na nguvu inayotosha kazi hiyo, na pengine mtu wa kushika upande wa pili wa shuka. Amani nimeona inakuja na kuondoka kwa saa yake. Mliobeba mizigo kwa sababu ya maneno yangu, nipigieni, nije." Watu kumi na wanne walipiga, naye alikwenda kwa kila aliyefikika kwa gari, na kwa wale wa mbali alikaa nao kwenye simu.

Mwezi Januari 2025 alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, na tarehe 6 Februari madaktari wakamweleza kwamba ana saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Alipokea matibabu kwa utulivu, akiwauliza madaktari maswali mpaka mmoja wao akavuta kiti na kukaa, na waliokwenda kumwona nyumbani wanakumbuka kwamba kabla hajaombewa aliwauliza ni mstari gani wa Maandiko ambao wao hawajawahi kuuamini, na akiona mtu anababaika alimtia moyo kwa kumtajia wake. Mkono ulipokuwa hauwezi tena kuandika, Kimaiyo, ambaye tangu utoto huongea na mama yake kwa Kiingereza, ndiye aliyemwandikia tafakari kwa Kiswahili, akimwuliza neno moja moja, naye akimsahihisha ngeli akiwa amefumba macho.

Tarehe 20 Septemba Fortunée alifika kutoka Houston kwa basi, na begi moja, akamwambia Shem kwamba amekuja kukaa. Alimwogesha Celestine, akampaka mafuta, akamgeuza kila baada ya saa mbili kama alivyofundishwa, na siku moja Celestine akamwuliza kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo, "Fortunée, hapa kwangu unatii au unapenda?" Fortunée akamjibu, "Mama, leo usiulize. Geuka nikupake mafuta." Celestine aligeuka, na Jelagat aliyekuwa mlangoni anasema mama yake alikuwa akitabasamu.

Celestine aliaga dunia nyumbani kwake Arlington, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa moja na robo asubuhi, Shem akiwa ameshika mkono wake na watoto wake wote wawili wakiwa chumbani, akiwa ameishi miaka sitini na moja na miezi saba kamili. Aliomba azikwe huku Texas, kwa sababu, kama alivyomwambia mumewe, hakuona Mungu aliyemtoa Tambach angeshindwa kumkuta Arlington, na familia imemtii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia udadisi wake, wafanyakazi wenzake wa Mansfield waliogawana zamu zake bila kuombwa, majirani waliotuletea chakula wakati tulipokuwa tumesahau kula, kanisa na wanakwaya, na ninyi wasomaji wake mlioamka naye miaka yote hii. Tunamshukuru Fortunée, ambaye leo ameketi katika safu ya familia kwa kuwa ndiko kwake. Na tunamshukuru yule mama wa Gulfton aliyelala kaburini Houston, ambaye wengi wenu hamkumwona, ambaye hakumshukuru mtu, kwa maana mgongoni pake ndipo Celestine alipojifunza kile alichokuwa akitufundisha.

Celestine Jepchirchir, Mama Jelagat, zamu yako umeimaliza, sisi tutashika upande wa pili wa shuka. Pumzika kwa amani.