Kasiana Nyoni na Maembe Aliyoyafukia

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi hapa Mletele, Tumsifu Yesu Kristo. Ninayesoma kwa niaba ya familia ni Athanasi Mapunda, mdogo wa marehemu Aidani Mapunda aliyekuwa mume wa Kasiana tunayemzika leo, kwa hiyo Kasiana ni shemeji yangu, na kwa miaka arobaini shamba langu limetenganishwa na lake kwa mtaro mmoja tu.

Marehemu Kasiana Nyoni alizaliwa tarehe 8 Septemba 1957 katika kijiji cha Litisha, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Urbani Nyoni na mama Yasinta, akabatizwa mwezi huohuo, na akasoma shule ya msingi hapohapo Litisha kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Mwaka 1974 aliajiriwa katika bustani ya miche kule Peramiho, ambako kwa miaka sita alijifunza kubebesha michungwa na miembe, yaani kuunganisha chipukizi la mti bora kwenye shina la mwingine, na tangu hapo hakuweza kupita kwenye mwembe wa mtu bila kusimama kuukagua, jambo lililotuchelewesha misa nyingi.

Tarehe 23 Juni 1979 alifunga ndoa na kaka yangu Aidani, wakajaliwa watoto watano, mmoja akatangulia akiwa mchanga, na waliopo ni Walburga, Osmund, Jovina na Daudi, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Mwaka 1984 walipanda miembe sitini katika ekari mbili mnazoziona nyuma ya nyumba hii, na kaka alipofariki tarehe 3 Machi 2011, shemeji aliendelea na shamba peke yake.

Hakupewa muda wa kupumua, kwa kuwa misimu miwili iliyofuata mvua ziliwahi, inzi wa matunda wakaingia, na maembe yakawa mazuri kwa nje huku ndani yamejaa funza, hata wachuuzi wa sokoni Songea wakarudisha matenga. Bibi shamba wa kata wakati ule, Bi. Pamela, alimweleza kwamba funza huanguka pamoja na embe, huingia ardhini, na baada ya siku chache hutoka wakiwa inzi wapya, kwa hiyo kila embe lililoanguka liokotwe na kufukiwa futi mbili kwenda chini. Sasa kwetu embe lililoanguka lina utaratibu wake, si la mwenye mti bali ni la anayepita, na mwenye shamba akiliokota huonekana mchoyo. Shemeji aliokota yote, kila alfajiri, akayafukia na kushindilia udongo, na watu wakaanza kusema kwamba mjane yule anafukia vitu kabla jua halijatoka, na mnajua maneno ya namna hiyo huishia wapi.

Tarehe 11 Januari 2014 kiliitishwa kikao cha ukoo, na aliyekiitisha ni mimi. Nilisimama nikasema kwamba mwanamke huyu ni mchoyo, na kwamba anachofukia pengine si maembe, nikataka shamba la kaka yangu lirudi kwa ukoo, na ukweli ni kwamba nililitamani. Shemeji hakubishana, aliomba tu yaletwe maembe kumi kutoka kwangu na kumi kutoka kwake, akayapasua mbele ya wazee kwa kisu chake. Katika kumi yangu, manane yalikuwa na funza, katika kumi yake lilikuwa nao moja, na hilo akaeleza kwamba limechumwa upande wa mtaro wangu. Kikao kikavunjika, mimi nikaaga kwamba nina mgeni nyumbani, mgeni ambaye hakuwapo.

Wiki hiyohiyo nilichimba shimo langu nyuma ya banda la mbuzi ili asilione, na yeye alinyamaza miaka yote hii, isipokuwa kila Desemba aliniuliza kwa upole kama jembe langu bado lina mpini. Majirani wa upande wa juu wakafuata mmoja mmoja, na msimu wa mwaka 2021, mvua zilipochelewa hadi karibu na Krismasi kisha zikanyesha kwa fujo, sisi wa juu tulijaza matenga na maembe yetu yakafika mpaka Tunduru, wakati ya wenzetu wa bondeni, wasiofukia, yalioza mitini.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Agosti 2023, akatibiwa hapa Songea na baadaye Peramiho, na alifariki Jumanne tarehe 14 Januari 2025 saa nne asubuhi. Siku nne kabla alinishika mkono akasema, "Shemeji, historia yangu uisome wewe, na pale pa kikao usiparuke." Nilidhani ananilipizia, nikamwomba msamaha palepale huku nalia, naye akasema alishanisamehe zamani, ila watu wa bondeni bado hawafukii, na inzi hawaujui mtaro, basi wakisikia kwa mtu aliyembishia kuliko wote huenda wakaamini.

Kwa hiyo nasema mbele yenu, Kasiana hakuwa mchoyo wala mchawi, mimi ndiye niliyesema, nilisema kwa tamaa, na nimekosa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo, majirani waliopika na kulala nasi hapa msibani, wanajumuiya, wakulima wenzake, na Bi. Pamela aliyesafiri kutoka Nalasi kuja kumsindikiza.

Ndugu zetu wa bondeni, mmenisikia, ni Januari na maembe yanaanguka. Shemeji Kasiana, uliyonituma nimeyasema yote, pumzika kwa amani.