Phoebe Kavata Mwenda, Aliyetuandikia Habari za Mtaa (1959–2025)

Mama tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 mjini Mariakani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Simeon Mutuku na marehemu Mama Ruth Mbithe. Baba yake alitoka Ukambani kuja kufanya kazi ya kupokea maziwa kiwandani. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara kuu, mahali malori yalipoegeshwa, na mama yake aliwauzia madereva uji.

Alianza masomo mwaka 1966 hapo hapo Mariakani na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu mkuu alimtuma kuwaarifu wazazi wa upande wa pili wa reli kwamba mkutano umeahirishwa. Aliporudi aliulizwa kama amewaambia wote. "Wote, mwalimu, ila mama mmoja amelala. Nitarudi akiamka." Na akarudi. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1976 alisoma katika shule ya bweni ya wasichana huko Ukambani, akahitimu kidato cha nne akiwa na daraja la pili.

Mwaka 1979 alikuja Malindi kukaa kwa shangazi yake, na mwaka 1981 akaajiriwa kuwa msoma mita za maji. Kwa miaka ishirini na saba alipita lango kwa lango, akijua ni nyumba ipi ina mgonjwa, ipi ina mbwa mkali na ipi ina bomba linalovuja bila mwenyewe kujua. Mwaka 1994 maji yalikatika kwa wiki nyingi. Alipochoka kurudia jibu lile lile katika kila lango, aliliandika kwenye karatasi, akaibandika katika kibanda cha maji cha mtaa wetu wa Kisumu Ndogo. Jumamosi iliyofuata watu walimwuliza karatasi nyingine iko wapi. Hivyo ndivyo Habari za Mtaa ilivyoanza.

Ilikuwa karatasi moja, upande mmoja, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa. Kila Jumamosi asubuhi aliibandika mahali saba, ukiwamo ukuta wa kanisa, kinu cha kusagia na, kwa idhini ya wazee, baraza ya msikiti. Humo watu walisoma siku ya chanjo, mwisho wa kurudisha fomu za basari za karo, taa ya barabara iliyozimika, mbuzi aliyepotea, na matanga yako kwa nani. Kanuni yake ilikuwa kutoandika jambo ambalo hakuliona au hakulisikia kwa mhusika mwenyewe. Aliwahi kuarifiwa kwamba kivuko cha mtaro kimekamilika, akaenda kukitazama, kisha akaandika: "Kivuko kimekamilika upande mmoja. Upande wa pili kuna mkokoteni na punda wake." Punda alitolewa siku hiyo hiyo, na upande wa pili ukajengwa mwezi huo.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Laban Mwenda, fundi seremala, ambaye alitutangulia mwaka 2011. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa mwisho, Mapenzi, alipewa jina na jirani Mgiriama aliyempokea alipozaliwa, kwa kuwa gari lilichelewa na mtoto hakungoja. Laban alimtengenezea mkewe mbao saba za kubandikia karatasi, naye mama hadi mwisho alizipaka mafuta kila mwaka.

Mwezi Machi 2013 wakazi walimchagua kuwa mwakilishi wa wadi, wakamrudisha mwezi Agosti 2017. Wazee waliendelea kumwita diwani, kwa jina la zamani la cheo hicho, naye hakuwasahihisha. Wengi walitarajia kwamba sasa karatasi itakuwa na picha yake. Haikuwahi kuwa nayo.

Familia imeona ni haki kueleza jambo la mwaka 2019, kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha. Mwezi Juni mwaka huo maafisa wa ardhi walikuwa waje kuwaandikisha wakaaji wa ploti. Kila aliyeandikwa angepata njia ya kumiliki mahali pake. Asiyeandikwa angekuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga. Afisa alimwambia kwa simu kwamba kazi itafanyika Alhamisi. Kwa kuwa majirani wengi walikuwa katika mfungo, mama aliona ni heshima kuhesabu kwa siku yao, akaandika: "Siku ya pili ya Idi." Aliichukulia Idi kuwa Jumatano, siku ya mapumziko iliyotangazwa. Hakukumbuka kwamba mtaani wapo wanaofuata mwezi ulioonekana nchi nyingine, na wapo wanaongoja uonekane hapa. Mwaka huo siku zilitofautiana. Kaya kumi na nne, nyingi zikiwa na asili ya visiwa vya kaskazini, ziliswali Idi Jumanne. Jumatano, siku yao ya pili, walikaa vizingitini na vitambulisho mkononi, hakuja mtu, wakadhani kazi imeahirishwa. Alhamisi walikwenda kutembelea jamaa zao. Maafisa wakaja, wakaandika waliowakuta, ploti zile kumi na nne zikaandikwa kuwa hazina mkaaji, na rejista ikafungwa.

Ijumaa uani kwake palijaa watu. Bi Kuluthumu Abdulqadir, mjane aliyelea watoto wake kwa kuuza mahamri, alisema, "Phoebe, miye nimengoja toka alfajiri mpaka adhuhuri. Karatasi yako niliiamini kama ninavyoamini saa." Mzee Mahadhi, mmoja wa wazee wa msikiti, akaongeza, "Mheshimiwa, kumbe mwezi siku hizi huandama mezani kwako." Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Randu, aliyekuwa msaidizi wake wa kampeni, alimshauri faraghani.

"Mama, andika kwamba maafisa walibadilisha siku."

"Hawakubadilisha. Waliniambia Alhamisi."

"Basi usiandike kitu. Litapoa."

"Litapoa kwako, Randu. Wewe una ploti."

Jumamosi hiyo karatasi ilikuwa na habari moja tu: kwamba yeye, Phoebe Kavata Mwenda, ameandika siku kimakosa, kwamba wakaaji hawana kosa, na kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwa katika ofisi ya ardhi pamoja na kila atakayependa kwenda. Walikwenda watu thelathini na mmoja. Waliambiwa kwamba rejista haiwezi kufunguliwa bila ushahidi kwamba kosa halikuwa la wakaaji. Akaapa hati ya kiapo juu ya kosa lake mwenyewe, akaambatisha ile karatasi. Tangu wakati huo, kila Ijumaa alimpelekea Mzee Mahadhi Habari za Mtaa azisome tarehe kabla karatasi haijabandikwa. Kwa miaka sita mzee aliisoma yote, pamoja na habari za mbuzi, kisha akairudisha kwa neno moja: "Haya."

Kufikia mwisho wa mwaka 2021 kaya kumi na tatu zilikuwa zimeandikwa. Ya kumi na nne ilikuwa ya Bi Kuluthumu, kwa kuwa mtu mwingine alikuwa ameshaiomba ile ploti isiyo na mkaaji, na shauri likapelekwa mbele ya kamati. Mwaka uliofuata, uchaguzi ulipofika, wapinzani walitoa nakala za kile kiapo, wakazibandika kwenye zile mbao saba. Mama alishindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Karatasi ya Jumamosi iliyofuata ilitangaza matokeo, ikampongeza mshindi, ikatoa nambari yake ya simu kwa wenye malalamiko ya maji.

Hakuwa tena na cheo, lakini vikao vya kamati alihudhuria vyote kumi na tisa. Alipanda tuktuk moja na Bi Kuluthumu, wakakaa benchi moja, wala hawakuzungumza. Kila asubuhi alipita mlangoni kwake akisema, "Shikamoo, dada." Alijibiwa, "Marahaba," na mlango ukarudishwa.

Ugonjwa wa kisukari, aliokuwa nao kwa muda, ulimwathiri figo mwaka 2023. Ni kweli kwamba hakuwa mgonjwa msikivu. Mara mbili aliacha siku ya kliniki kwa sababu iliangukia siku ya kikao, na wanawe walipomlaumu alisema kliniki ina Jumatatu nyingine. Mwezi Agosti mwaka huu alilazwa hapa Malindi.

Ijumaa tarehe 29 Agosti, Bi Kuluthumu na binti yake Widad waliingia wodini wakiwa na bahasha. Mapenzi alikuwa kando ya kitanda, naye ndiye aliyetusimulia.

"Phoebe, imetoka," alisema Bi Kuluthumu.

Mama aliomba miwani, akaisoma barua ya kamati mara mbili. "Muhuri upo. Widad, katoe nakala tatu. Ya asili usimwachie mtu, hata akuahidi nini."

Widad alipotoka, Bi Kuluthumu aliketi. "Nilikuchukia, Phoebe."

"Najua. Marahaba yako ilikuwa fupi."

"Nawe hukuchoka kuifuata."

"Nilikuwa napita tu, dada. Njia ya sokoni ndiyo hiyo."

Bi Kuluthumu alichukua kikombe cha uji kilichokuwa kimepoa, akaomba kingine cha moto, akamnywesha mwenyewe. Alirudi kila siku baada ya hapo. Phoebe Kavata Mwenda alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Aliomba azikwe Malindi.

Ameacha watoto watatu: Mutuku, Mbithe na Mapenzi; wakwe wawili; wajukuu watano; na ndugu wanne walio hai, huko Mariakani, Junju na Machakos. Wazee wa msikiti wameomba majina yao yatajwe pamoja na ya washiriki wa kanisa katika shukrani, nasi tumekubali kwa furaha.

Baada ya maziko, waombolezaji wote wanakaribishwa chakula. Tulikuwa tumepanga kukodi ukumbi, lakini Bi Kuluthumu alikuja Jumatano kutuzuia. "Ukumbi wa nini? Nyumba ni yangu, imeandikwa. Mgeni wa Phoebe nitamkaribisha miye." Chakula kitakuwa uani kwake, Kisumu Ndogo, nyuma ya kinu cha kusagia, leo Jumamosi tarehe 20 Septemba, saa nane mchana. Mzee Mahadhi ameisoma tarehe hii na kuikubali.

Mola amlaze mama yetu mahali pema, kwa amani.