Nicolasa Taipe na Zamu Aliyoitoa

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Kama unamenya viazi, endelea kumenya huku unasikiliza. Tunayemkumbuka leo hakupenda watu waache kazi kwa ajili yake.

Tunamkumbuka Nicolasa Taipe. Nicolasa Taipe, mgawa maji wa kijiji chetu cha Colpamayo. Alifariki Jumanne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na minne. Binti yake, Delfina, anasema alikuwa amemaliza bakuli la supu, akaomba la pili.

"Nilipolileta, alikuwa ameshaondoka," anasema Delfina. "Mama hakuwahi kuacha supu. Nikajua huko alikoitwa wameandaa iliyo nzuri zaidi."

Kwa miaka kumi na tisa Nicolasa alisimamia bwawa letu na mfereji wake. Kazi hiyo mnaijua. Kila shamba lina zamu, na kila zamu ina saa zake. Mgawa maji hufungua lango, hufunga lango, na hutukanwa na pande zote. Wengi huomba kupumzika baada ya mwaka mmoja. Nicolasa alidumu kumi na tisa.

Alipochaguliwa, watu walinong'ona. Alikuwa mlokole, wa kile kikanisa chenye bati la buluu. Wakasema atawapa walokole wenzake kwanza. Mwezi haujaisha, mchungaji wake akaja kuomba maji siku mbili kabla ya zamu yake. Alikuwa na watu wa kubatiza, na kisima cha kubatizia kanisani kilikuwa kikavu.

Nicolasa akamwambia, "Mchungaji, Mungu wetu huwanyeshea mvua wema na wabaya, wala haulizi wanasali wapi. Zamu yako ni Alhamisi. Batiza Alhamisi."

Wakabatizwa Alhamisi. Maji yalikuwa baridi vilevile.

Alikuwa na tabia nyingine iliyowachekesha watu. Alipokagua mfereji aliimba kwa sauti, akasikika kutoka mbali. Wazee wa mkutano wa kijiji wakamlalamikia. "Mama, unawaonya wezi! Nyamaza, uwakamate." Yeye akajibu, "Mungu wangu hanivizii ili anikamate. Na mimi simvizii mtu. Mwenye kutaka kuacha, nampa nafasi aache."

Wasikilizaji wapendwa, sasa tufike kwenye mwaka ule wa ukame. Ni miaka kumi na moja imepita. Mvua iligoma hadi Januari. Bwawa lilishuka, na zamu ikawa inarudi kila baada ya siku ishirini. Mahindi yalikuwa yanatoa maua. Hapo ndipo Zenobio Ccama, jirani wa Nicolasa wa bonde la chini, alipoiba maji.

Aliiba Jumapili, saa nne ya asubuhi. Alikamatwa kirahisi, maana kijiji kizima kilikuwa vumbi tupu, na yeye miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Kesho yake mkutano ulikaa penye ukuta wa bwawa. Nicolasa akamwuliza kwa nini alichagua Jumapili.

"Walokole mkianza kuimba hammalizi," Zenobio akasema. "Nilijua nina saa tatu nzima."

Watu walicheka, lakini Zenobio mwenyewe hakucheka. Sheria yetu iko wazi. Aliyeiba maji anakosa zamu moja. Zamu moja mwaka ule ilimaanisha siku arobaini bila tone. Mahindi yangekufa. Zenobio alikuwa ameshamwambia mkewe wafunge mizigo, wahame na watoto wanne, washuke pwani wakalime mashamba ya watu.

Akamwomba. "Mama Haleluya, si unasema Mungu wako anasamehe? Basi nisamehe!"

"Nimekusamehe tangu jana," akasema Nicolasa. "Zamu yako imefutwa."

"Huo ni msamaha gani?"

"Zenobio, baba, nikipindisha sheria kwako, kesho nitaipindisha kwa mwingine. Atakayekosa maji ni mjane asiye na kelele kama zako." Kisha akasema, "Ijumaa ni zamu yangu. Nimekupa. Mwagilia shamba lako."

Delfina alisimama palepale mbele ya mkutano. "Mama! Na mahindi yetu? Tutakula mahubiri?"

"Tutakula viazi, mwanangu."

"Viazi tu?"

"Na yule simbilisi mnene anayekukimbia kila siku."

Lakini walipofika nyumbani, Nicolasa alimkalisha bintiye akamweleza bila utani. Delfina anayakumbuka maneno yale. "Mungu ninayemwamini hasemi kwamba kosa si kosa. Ila akishalisema, hakai pembeni kuangalia mtu akiangamia. Anaingia yeye kwenye hasara. Sasa mimi nitamwimbia Jumapili halafu Ijumaa nifanye kinyume chake?"

Ijumaa ikafika. Zenobio hakutokea. Aibu ilimfungia ndani. Nicolasa akachukua koleo, akafungua lango, akaanza kumwagilia shamba la Zenobio mstari kwa mstari. Shamba lake mwenyewe lilikuwa juu tu pale, na majani yake yamejikunja.

Mahindi ya Nicolasa yalikauka. Mahindi ya Zenobio yalizaa, na familia ile haikuhama.

"Nilinuna miezi mitatu," anasema Delfina. "Mama ananiuliza, 'Leo nikupikie viazi, au ungependa viazi?' Ningefanyaje? Nilicheka."

Nilimtembelea Zenobio jana. Hajawahi kujiunga na kanisa, na anasema hajui wimbo wao hata mmoja. Lakini maji hakuiba tena. "Watu hudhani niliogopa adhabu," aliniambia. "Adhabu nimeizoea tangu utoto. Siku ile nilichungulia dirishani, nikamwona mama wa watu, sketi imeloa, anamwagilia mahindi yangu huku yake yanakufa. Nilitoka nikampokea koleo. Sikuweza kumtazama usoni."

Nicolasa Taipe, mgawa maji wa Colpamayo, anazikwa leo saa nane mchana. Kwa Delfina, kwa wajukuu, na kwa waumini wa kikanisa cha bati la buluu, tunawapa pole kwa moyo wote. Nasi tuliobaki, tujiulize leo: Mungu tunayemwamini ni wa namna gani, na jirani yetu amefaidi nini kwa sisi kumwamini?

Kuna tangazo moja kutoka kwa familia. Leo, kwa orodha, ni zamu ya shamba la marehemu. Kwa hiyo msipomwona Zenobio makaburini, tafadhali msimsengenye. Delfina amemkubalia ombi lake. Atakuwa juu kule na koleo, akimwagilia mahindi ya Nicolasa.